Masharti ya Nafasi: Mtafiti wa Baada ya Udaktari katika Hisabati ya Uboreshaji nchini Ujerumani

0. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Kongo, njia ya mwalimu inajulikana na kila mtu. Asistanti hufanya kazi kwa mandati, hupanda kuwa mkuu wa kazi, na anapokwisha kutetea tasnifu yake ya udaktari mlango wa uprofesa humfungukia: daktari huweza kuteuliwa kuwa profesa mshiriki. Basi udaktari ni mwisho wa safari moja na mwanzo wa cheo cha kudumu. Nchini Ujerumani mambo hayaendi hivyo. Huko udaktari hufungua chumba cha kungojea, na aliyemo chumbani humo huitwa, kwa neno la kimataifa, "postdoc", yaani mtafiti wa baada ya udaktari.

Tofauti hiyo yaweza kumpotosha msomaji wa tangazo la kazi kwa namna mbili. Huenda akalidharau, akidhani kwamba anarudishwa katika uasistanti alioumaliza. Huenda pia akalikimbilia, akidhani kwamba ni ajira ya maisha. Yote mawili ni makosa, na kosa la pili ndilo lenye gharama kubwa zaidi, kwani hulipwa kwa miaka ya utu uzima.

Makala haya yanakusudia kueleza nafasi hizo ni zipi, zinapatikana wapi, na zinafungwa na masharti gani. Mfano uliochaguliwa ni hisabati ya uboreshaji, tawi lililostawi sana nchini Ujerumani na ambalo nafasi zake hutangazwa mara kwa mara. Sehemu ya kwanza inaeleza tawi lenyewe. Ya pili, mahali linapofanyiwa kazi. Ya tatu, maneno ya tangazo. Ya nne, sheria ya muda. Na ya tano, namna ya kuomba.

1. Uboreshaji ni nini

Katika lugha ya kila siku, kitenzi "kuboresha", kinachotokana na "bora", humaanisha kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Mwenye nyumba akiziba paa linalovuja ameiboresha nyumba yake. Mwanahisabati haridhiki na maana hiyo. Yeye hutafuta jibu ambalo hakuna lingine linalolishinda, na zaidi ya hayo hudai uthibitisho kwamba kweli halipo linalolishinda. Kwa sababu hiyo yafaa kusema "uboreshaji upeo" pale ambapo maana hiyo ya pili yaweza kuchanganywa na ya kwanza.

Kila tatizo la namna hiyo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni lengo: kupunguza gharama, kufupisha njia, kuongeza mavuno. Ya pili ni masharti: fedha hazizidi kiasi fulani, treni mbili haziwezi kupita reli moja kwa wakati mmoja, dereva hawezi kuendesha usiku kucha bila kupumzika. Pasipo masharti hakuna tatizo, kwa maana kila mtu angejichukulia kila kitu.

Mfano mashuhuri ni wa mchuuzi anayetaka kupita katika miji kadhaa, kila mji mara moja, na kurudi kwake kwa njia fupi kuliko zote. Kwa miji 10 kuna mizunguko 181 440 ya kulinganisha, na mashine huimaliza mara moja. Kwa miji 120 idadi ya mizunguko ina tarakimu 197, wala hakuna mashine iwezayo kuihesabu mmoja mmoja. Hata hivyo, mwaka 1977 Mjerumani Martin Grötschel alipata mzunguko mfupi kuliko yote wa miji 120 ya Ujerumani ya Magharibi na kuthibitisha kwamba hakuna mfupi zaidi. Mwaka 2001 watafiti wengine walifanya hivyo kwa miji na vijiji 15 112 vya Ujerumani. Siri ya ushindi huo si mbio za mashine peke yake. Ni nadharia inayoruhusu kutupilia mbali makundi makubwa ya mizunguko bila kuitazama.

Misingi ya elimu hii iliwekwa kabla ya hapo na mbali na Ujerumani. Leonid Kantorovich, huko Leningrad, aliichapisha mwaka 1939 alipotafuta namna bora ya kugawa kazi viwandani. George Dantzig, nchini Marekani, alibuni mwaka 1947 mbinu iitwayo simplex, ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za kukokotoa. Mwaka 1975 Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Matunda yake huonekana barabarani na chini ya ardhi. Mnamo Desemba 2004 treni za chini ya ardhi za jiji la Berlin zilianza kufuata ratiba iliyotungwa kwa uboreshaji wa kihisabati. Kazi hiyo ilifanywa na Christian Liebchen wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Abiria wanaobadilisha treni walipunguziwa muda wa kusubiri, na wakati huohuo shirika liliweza kuendesha huduma kwa treni moja pungufu. Kwa kawaida huduma ikiongezeka gharama hupanda. Hapa vyote viwili vilikwenda upande wa kheri, kwa kuwa ratiba ya zamani haikuwa bora kuliko zote.

2. Mahali pa kazi

Mtafiti wa baada ya udaktari aweza kuajiriwa na chuo kikuu au na taasisi iliyo nje ya chuo kikuu. Taasisi hizo zimekusanyika katika jumuiya kubwa nne: Max Planck, ambayo hushughulikia sayansi ya msingi, Fraunhofer, inayofanya utafiti unaotumika viwandani na kulipwa kwa sehemu kubwa na kandarasi, Helmholtz, yenye maabara na mitambo mikubwa, na Leibniz, inayounganisha taasisi za aina mbalimbali.

Kwa hisabati ya uboreshaji, Berlin ina nafasi ya pekee. Zuse-Institut, iliyoanzishwa mwaka 1984, imechukua jina la Konrad Zuse, mhandisi aliyekamilisha mwaka 1941 mashine ya kukokotoa iitwayo Z3. Taasisi hiyo imeshughulikia ratiba za mabasi na mitandao ya mabomba ya gesi, na ndiyo iliyounda programu ya SCIP, ambayo tangu mwaka 2022 inatolewa bure kwa leseni huria. Taasisi ya Weierstrass, iliyo mwanachama wa Leibniz, iko katikati ya jiji hilohilo. Tangu mwaka 2019 vyuo vikuu na taasisi za Berlin zimeungana katika kitovu cha utafiti kiitwacho MATH+.

Nje ya Berlin, taasisi ya hisabati pambanuzi ya Chuo Kikuu cha Bonn inajulikana kwa ushirikiano wake na kampuni ya IBM, ulioanza mwaka 1987, katika kupanga vijenzi vya elektroniki juu ya chipu. Kaiserslautern ina taasisi ya Fraunhofer ya hisabati ya viwanda. Leipzig na Magdeburg zina taasisi za Max Planck. Heidelberg ina kituo cha ukokotoaji wa kisayansi kilichoanzishwa mwaka 1987. Kwa kutazama majina hayo, mwombaji atatambua kwamba neno "uboreshaji" halimaanishi kazi moja kila mahali. Pengine atatakiwa kuthibitisha nadharia, pengine kuandika programu, pengine kuketi na wahandisi wa kiwanda na kutafsiri matatizo yao kwa lugha ya hisabati.

3. Maneno ya tangazo

Tangazo la Kijerumani ni fupi, na kila neno lake lina uzito wa kisheria. Mwenye kulisoma kwa haraka atauona mji na mada tu. Mwenye kulisoma vema atatafuta kwanza maneno matatu.

Neno la kwanza ni "befristet", yaani "yenye kikomo". Karibu kila nafasi ya baada ya udaktari ina neno hili, likifuatwa na muda: miaka miwili, mitatu, mara nyingine mwaka mmoja. Halisemi kwamba mkataba utarefushwa. Kurefushwa hutegemea fedha, sheria na mapenzi ya mkuu wa kundi.

Neno la pili ni daraja la mshahara, ambalo kwa kawaida ni "E 13". Mshahara haujadiliwi kama bei ya sokoni. Umewekwa na mapatano baina ya vyama vya wafanyakazi na serikali. Ndani ya daraja hilo mna ngazi zinazofuata miaka ya uzoefu. Hapa ndipo mgeni hupoteza asichojua: uzoefu alioupata kwao waweza kuhesabiwa, lakini yafaa auonyeshe kwa vyeti na kuuombea kabla ya kutia sahihi. Pia atazame kama nafasi ni ya muda kamili au ya nusu, maana daraja ni lilelile lakini malipo si yaleyale.

Neno la tatu huamua yote: je, ni mkataba wa kazi au ni "Stipendium", yaani msaada wa masomo na utafiti? Mwenye mkataba ni mwajiriwa. Yeye na mwajiri wake hugawana michango ya bima ya afya, ya ukosefu wa kazi na ya uzeeni. Ana likizo ya siku 30 kwa mwaka, na akiugua mshahara haukatiki papo hapo. Mwenye msaada si mwajiriwa wa mtu. Mara nyingi halipi kodi, na fedha anazopokea mkononi zaweza kuonekana nyingi. Lakini hujitafutia bima ya afya mwenyewe, wala hajiwekei chochote cha uzeeni. Misaada ya wakfu wa Alexander von Humboldt, uliofufuliwa mwaka 1953, ni ya aina hii. Heshima yake ni kubwa na uhuru wake wa utafiti ni mpana. Jambo la muhimu ni kujua ni kipi kati ya viwili hivyo mtu anachokipokea.

Kuhusu uzeeni yafaa kuongeza hesabu moja. Haki ya pensheni ya Ujerumani haipatikani kabla ya kutimiza miezi 60 ya michango. Aliyefanya kazi miaka mitatu na kurudi Afrika hana pensheni huko. Ila baada ya miezi 24 tangu alipoacha kuchangia, raia wa nchi iliyo nje ya Ulaya aliyekwisha kuondoka aweza, katika hali nyingi, kudai arudishiwe sehemu aliyochanga mwenyewe. Ile ya mwajiri hairudi. Haki hii haimjii mtu nyumbani. Huombwa kwa maandishi, na ndiyo maana karatasi zote za michango hazifai kutupwa siku ya kufunga mizigo.

4. Saa ya miaka sita

Kikomo cha mkataba mmoja ni sharti dogo. Sharti kubwa limo katika sheria ya mwaka 2007 kuhusu mikataba ya muda katika sayansi. Sheria hiyo yaruhusu chuo kikuu au taasisi ya umma kumwajiri mtu kwa mikataba yenye kikomo hadi miaka 6 kabla ya udaktari na hadi miaka 6 baada yake. Katika tiba ni miaka 9 baada yake. Aliyemaliza udaktari upesi huongezewa muda aliouokoa: aliyetumia miaka 4 anaweza kupata 8. Anayelea mtoto aweza kuongezewa miaka 2 kwa kila mtoto. Kubadilisha mji au taasisi hakuirudishi saa mwanzoni, kwa kuwa miaka ya Bonn na ya Leipzig hujumlishwa pamoja. Lakini muda wa msaada usio na mkataba wa kazi hauhesabiwi katika miaka hiyo ya baada ya udaktari.

Miaka hiyo ikiisha, mtafiti hubakiwa na njia chache. Aweza kupata uprofesa. Aweza kupata mojawapo ya nafasi chache za kudumu zilizo chini ya uprofesa. Aweza kuajiriwa kwa fedha za mradi zinazotolewa na mfadhili wa nje, ambazo sheria huziruhusu hata baada ya saa kwisha. Ama aweza kuiacha sayansi ya chuo kikuu. Kwa wataalamu wa uboreshaji njia ya mwisho si fedheha, kwani mashirika ya reli, ya nishati na ya bima huwahitaji. Kwa mtaalamu wa lugha za kale ni habari nyingine kabisa.

Hali hii ina mizizi mirefu. Katika mhadhara wake wa mwaka 1917 mjini Munich, Max Weber aliwaonya wanafunzi kwamba maisha ya mwanachuoni kijana yanafanana na kamari, na kwamba asiye na mali yake mwenyewe huingia katika hatari kubwa. Wakati huo aliyetaka kuwa profesa alitunga tasnifu ya pili baada ya udaktari, akafundisha akiwa na cheo lakini bila mshahara wa kudumu, akisubiri kuitwa. Tasnifu hiyo ya pili ingali ikiandikwa hata leo, ingawa tangu mwaka 2002 kuna pia cheo cha profesa kijana kisichoidai.

Manung'uniko ya watafiti yalipasuka hadharani mnamo Juni 2021. Wizara ya utafiti ilikuwa imetengeneza filamu fupi ya katuni kuieleza sheria, na mhusika wake alikuwa mwanabiolojia kijana aitwaye Hanna. Filamu ilieleza kwamba mikataba yenye kikomo huzuia kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Kitenzi hicho kilichotumiwa kwa watu, "kuziba", ndicho kilichowachoma watafiti: takataka huziba mfereji, lakini je, mwalimu aliyesoma miaka ishirini naye huziba? Amrei Bahr, Kristin Eichhorn na Sebastian Kubon walianzisha wito wa "Mimi ni Hanna", na maelfu ya watafiti wakaeleza chini yake habari za mikataba yao. Mwaka 2023 serikali ilipendekeza kupunguza muda wa baada ya udaktari kutoka miaka 6 hadi 4, kisha 2 zaidi kwa ahadi ya nafasi ya kudumu endapo malengo yatatimizwa. Mswada huo haukuwa umepitishwa wakati serikali iliyouleta ilipovunjika mnamo Novemba 2024.

Watetezi wa sheria wana hoja yao, na haki yataka isikike. Nafasi zikijazwa zote na watu wa kudumu, wasema wao, kizazi kinachofuata hakitapata mahali pa kujifunzia. Wapinzani hujibu kwamba kazi ya kufundisha na ya kutunza programu na maabara ni ya kudumu, na kwamba si haki kuifanyisha na watu wanaobadilishwa kila miaka miwili. Hoja zote mbili zina lengo. Zinagombana juu ya masharti.

5. Namna ya kuomba

Anayeomba hutuma barua, maelezo ya maisha na masomo yake, orodha ya maandishi yaliyochapishwa, nakala za vyeti na majina ya walimu wawili au watatu wawezao kumshuhudia. Vyeti vya Kifaransa mara nyingi hudaiwa pamoja na tafsiri iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Barua isiwe ya sifa za jumla. Yafaa itaje tatizo moja ambalo kundi lile linalishughulikia, ieleze mwombaji amefanya nini kilicho karibu nalo, na ni programu au mbinu gani anazozimudu. Aliyechaguliwa huitwa kutoa mhadhara mfupi, kisha huulizwa maswali. Mhadhara huo ndio mtihani wenyewe.

Katika makundi mengi ya hisabati kazi hufanywa kwa Kiingereza. Hata hivyo mkataba, barua za bima, notisi za mwenye nyumba na karatasi za ofisi ya wageni huandikwa kwa Kijerumani. Asiyejua lugha hiyo hutegemea hisani ya wenzake katika mambo yanayogusa haki zake. Kwa hiyo miezi michache ya Kijerumani kabla ya safari ni kinga kwa msafiri.

Kwa kuingia nchini, sheria ya Ujerumani ina kibali maalumu cha watafiti, kinachoegemea mapatano ya kupokelewa yanayotiwa sahihi na taasisi. Jambo moja lapaswa kusemwa bila kuficha: taasisi ya kweli haimdai mwombaji ada ya kushughulikia maombi, wala haiuzi mkataba. Barua inayotaka fedha zitumwe kwanza ni mtego, hata ikiwa na nembo nzuri kiasi gani.

6. Hitimisho

Taasisi ya Weierstrass iliyotajwa hapo juu iko kwenye barabara ambayo mnamo Agosti 2025 ilipewa jina la Anton Wilhelm Amo. Huyo alikuwa Mwafrika kutoka Axim, katika Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo. Alipata shahada ya falsafa, akafundisha Halle na Jena katika karne ya 18, kisha akarudi pwani alikozaliwa. Takriban karne tatu kabla ya matangazo ya leo, Mwafrika alikuwa amekwisha kushika kazi ya ualimu katika vyuo vya Kijerumani, bila kuifanya Ujerumani kuwa makao yake ya mwisho.

Kiswahili hutumia neno moja, "masharti", kwa mwanahisabati na kwa mwandishi wa mikataba. Sadfa hiyo ina mafundisho. Mwanahisabati hatafuti jibu bora kabla ya kuyaandika masharti yote, kwa kuwa jibu linalovunja hata sharti moja si jibu. Vivyo hivyo, nafasi ya baada ya udaktari nchini Ujerumani yaweza kuwa jibu jema kwa daktari kijana: humpa miaka ya utafiti usiokatizwa, wenzi wa kazi hodari na vyombo adimu. Lakini yatakiwa iandikwe pamoja na masharti yake: mwezi ambao mkataba utakwisha, aina ya fedha, miaka iliyobaki katika saa ya sheria, na mahali palipowekwa tayari pa kurudia au pa kusonga mbele. Daktari anayeomba ruhusa ya kuacha kiti chake kwa muda katika chuo chake cha Kongo, na kuipata kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, ameongeza sharti moja kwa faida yake mwenyewe. Anayeondoka bila karatasi hiyo huenda akaikuta saa ya ugenini imekwisha, na kiti cha nyumbani kimekaliwa na mwingine.